Mafundi Cherehani wa Vienna: Historia ya Jua, Vitamini D na Mishipa ya Fahamu

Dada zetu, na nyinyi mabibi harusi mliokwisha kuwekwa ndani mkisingwa liwa na kusubiri siku yenu. Leo tunaweka lesi na satini pembeni kidogo. Tunataka kuwasimulia habari za mafundi wenzetu, mafundi cherehani na washona viatu wa mji wa Vienna, nchini Austria, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Sisi zinatuhusu kwa sababu kazi yetu ni kukaa ndani kutwa tumeinamia kitambaa. Nyinyi zinawahusu kwa sababu ndani yake wamo wajawazito, wamo wanaonyonyesha, na wamo wanawake wa ndani kama sisi. Isitoshe, siku hizi kila ukifungua simu unamkuta mtu anauza vidonge vya vitamini D, anasema vinaondoa huzuni, vinaondoa usahaulifu, vinatuliza neva. Tukaona bora tuanze mwanzo kabisa, tujue maneno haya yalitoka wapi.

Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa Vienna walizoea kuona jambo moja kila mwaka. Baridi inapokaribia kwisha, mwezi wa Machi na Aprili, vijana wa kiume walikuwa wakifika hospitali mikono imewakakamaa. Maradhi yalianza kwa ganzi na kuchomachoma kwenye ncha za vidole na pembeni mwa midomo. Halafu vidole vinajikusanya vyenyewe, dole gumba linaingia ndani ya kiganja, kifundo cha mkono kinakunjika, na hata ukivutwa na mtu mwengine vidole havikunjuki upesi. Wengine walipatwa miguuni pia. Fundi wa namna hiyo hawezi kushika sindano, seuze kukata kitambaa. Daktari mmoja wa mishipa ya fahamu, Lothar von Frankl-Hochwart, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi haya mwaka 1891. Wagonjwa wanaume walipohesabiwa kwa kazi zao, waliotia fora walikuwa washona viatu na mafundi cherehani.

Jina la maradhi kitaalamu ni tetania. Tusilichanganye na pepopunda, ambayo huingia kwa kidonda kichafu. Ni mambo mawili tofauti, ila majina ya kizungu yanakaribiana.

Kwa upande wa wanawake kulikuwa na kundi lao: wenye mimba na wanaonyonyesha. Na hawa walijulikana kabla ya mafundi. Huko Paris, daktari Armand Trousseau alikuwa ameona wanawake wengi wenye watoto wachanga wakikakamaa mikono hivi hivi, hata yakaitwa maradhi ya wanyonyeshaji. Ni yeye aliyegundua, kwa bahati tu, namna ya kuyatambua. Zama zile mgonjwa alikuwa akitolewa damu kama vile sisi tunavyopiga chuku. Mwanamke mmoja alifungwa kitambaa mkononi ili mshipa utokeze, na pale pale vidole vyake vikakunjamana. Trousseau akajaribu kwa wengine, ikawa ni hivyo hivyo. Alama hiyo ina jina lake mpaka leo, na madaktari huitafuta kwa kile kitambaa cha kupimia presha. Ule mkao wa vidole wakauita mkono wa mkunga, kwa sababu vidole vinakusanyika kama vya mkunga anayetaka kupokea mtoto.

Kwa nini iwe wanyonyeshaji, na kwa nini mafundi? Hakuna aliyejua. Wengine walidhani pana kijidudu kilichojificha katika nyumba za masikini. Wengine walisema ni kazi yenyewe, vidole vimechoshwa na sindano. Hoja hii ya pili ungeikubali haraka ukiwa fundi, maana sote tunayajua maumivu ya dole gumba msimu wa Idi. Lakini haikueleza kwa nini fundi anayeshona mwaka mzima augue Machi, na Agosti awe mzima.

Jibu la kwanza lilitoka pengine kabisa. Wapasuaji wa Vienna walikuwa wakiondoa tezi za shingoni, na baadhi ya wagonjwa wao waliamka na mikakamao ile ile. Ikaja kujulikana kwamba pembeni mwa tezi ile kubwa kuna vitezi vidogo kama punje, ambavyo vikikatwa kwa bahati mbaya mtu hutetemeka na kukakamaa. Mwaka 1909, huko Baltimore, Marekani, watafiti wawili, William MacCallum na Carl Voegtlin, wakaonyesha sababu yake. Mbwa walioondolewa vitezi hivyo walipungukiwa na kalsiamu katika damu, na wakidungwa kalsiamu, kutetemeka kulitulia.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye fundo la habari yote. Sisi tukisikia kalsiamu tunafikiria meno na mifupa. Kumbe ile kidogo iliyomo katika damu ndiyo inayoifanya mishipa ya fahamu itulie. Ikipungua, mshipa unakuwa mwepesi kupita kiasi, unapeleka amri kwa misuli bila ya kuamriwa. Mfano wake ni cherehani ya umeme ambayo pedeli yake imeharibika: hujakanyaga, umegusa tu, nayo inakimbia yenyewe na kitambaa kimekwisha kuharibika. Na kalsiamu haiingii mwilini kwa kula tu. Ili utumbo uipokee vizuri panahitajika vitamini D, na vitamini D kwa sehemu kubwa ngozi ndiyo inayoitengeneza, ikipigwa na jua.

Sasa rudini Vienna. Mji ule uko mbali sana kaskazini, na katika miezi ya baridi jua lake hukaa chini, limelala, wala mionzi yake haina nguvu ya kuifanyia ngozi kazi hiyo. Fundi anaingia kazini kabla ya kupambazuka na kutoka giza limeingia. Mwili unakula akiba ya kiangazi. Kufika Machi akiba imekwisha. Mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha yeye anaitumia kwa watu wawili, mifupa ya mtoto inaitaka kalsiamu ile ile. Ndiyo maana makundi haya mawili yaliyoonekana hayahusiani, mafundi wa kiume na mama wazazi, waliugua maradhi mamoja.

Lakini mwaka 1909 vitamini D ilikuwa bado haijajulikana. Ilibidi vita vipite kwanza, Vita Kuu ya Kwanza, ambavyo viliiacha Vienna na njaa. Watoto wa mji ule walikuwa na matege, vifua vimebonyea, na wengine walipata degedege. Mwaka 1919 aliwasili mwanamke wa Kiingereza, Harriette Chick. Tunapenda kuwaambia kwamba baba yake alikuwa mfanyabiashara wa lesi. Alikuwa na dada sita, na yeye akaenda kusoma sayansi wakati ambapo wanawake waliosoma sayansi walihesabika. Alipoomba nafasi katika taasisi ya utafiti ya Lister, London, baadhi ya watu wa hapo walimpinga kwa kuwa ni mwanamke. Alipata. Na timu aliyofanya nayo kazi Vienna ilikuwa ya wanawake: Elsie Dalyell, daktari kutoka Australia, Margaret Hume, Helen Mackay na Hannah Henderson Smith.

Mwenyeji wao alikuwa Profesa Clemens von Pirquet, mkuu wa hospitali ya watoto, mtu mwenye jina kubwa. Yeye aliamini kwamba matege ni maradhi ya kuambukiza na chakula hakina uhusiano nayo. Hata hivyo aliwapa wodi, akawaachia wafanye. (Tunamheshimu kwa hilo. Wangapi wanaokuachia mlango wazi uwathibitishie kwamba wamekosea?) Wakina Chick wakawagawa watoto. Wote walitunzwa vizuri, wodi safi, maziwa ya kutosha. Kundi moja lilipewa na mafuta ya maini ya samaki aitwaye kodi. Baridi ilipopita, waliopata mafuta walikuwa salama, na miongoni mwa wasiopata matege yalitokea. Kiangazi, watoto walipotolewa nje, tofauti hiyo haikuonekana tena. Halafu wakawapeleka wagonjwa juani, na wengine chini ya taa maalumu za zebaki, na mifupa ikapona hata bila ya mafuta.

Taa hizo alikwishazijaribu daktari mmoja wa Berlin, Kurt Huldschinsky, mwaka 1919 huo huo. Aliwaangaza watoto wenye matege kwa mionzi ambayo jicho haliioni, inayoitwa urujuanimno. Alipomwangaza mtoto mkono mmoja tu, mkono wa pili nao ukapona. Maana yake, kuna kitu ngozi inakitengeneza kisha kinasafiri kwa damu. Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Baltimore akakitenga kile kilichomo katika mafuta ya samaki na vitamini A, na kwa kuwa A, B na C zilikwisha kuchukuliwa, akakiita D. Mwaka 1928 Mjerumani Adolf Windaus akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kemia ya vitu hivi. Hapo ndipo mafundi wetu wa Vienna walipopata maelezo yao, ingawa wengi wao walikwisha kufa.

Mpaka hapa hakuna aliyesema buibui. Sasa tunafika India, na hapa ndipo panapohitaji kusomwa kwa utulivu.

Katika mji wa Nasik, daktari Harry Hutchison na mwenzake S. J. Shah walichunguza matege na kuandika matokeo yao mwaka 1922. Walitarajia kama unavyotarajia wewe, kwamba wenye njaa ndio wenye mifupa mibovu. Wakakuta kinyume. Watoto wa masikini, chakula chao kibaya lakini wako shambani na mama zao tangu asubuhi, walikuwa na mifupa mizima. Matege yalikuwa katika nyumba za wenye uwezo, ambako wanawake na watoto wao walifungiwa vyumbani. Na nyumba hizo zilikuwa za Waislamu na za Wahindu pia.

Mwaka 1928 daktari wa kike, Kathleen Vaughan, aliyefanya kazi Kashmir, akatoa kitabu kuhusu wanawake wanaowekwa ndani na uzazi. Alieleza mabinti waliofungiwa tangu wadogo katika vyumba visivyo na mwanga, mifupa ikalainika, nyonga zikabonyea, na wakati wa kujifungua mtoto hana pa kupita. Wengi walikufa hivyo. Kuna na habari kama hizo kutoka mkoa wa Shanxi, China, ambako daktari J. Preston Maxwell aliwaona wanawake wenye mifupa laini na mikono ya kukakamaa kama ile ya Vienna, na watoto waliozaliwa tayari wana matege. China ile haikuwa habari ya dini yetu hata kidogo.

Vaughan alilitupia lawama pazia. Sisi tumeisoma hoja yake kwa kuitazama upande wa pili, kwa sababu ushahidi alioutoa mwenyewe unasema jambo jengine. Alitaja wanawake wa Kashmir wanaoishi kwenye mashua, masikini, wanaopiga kasia na kufanya kazi nje kutwa, ambao walizaa kwa wepesi na mifupa yao mizima. Watu wa mashua wa Kashmir ni Waislamu. Dini moja, mji mmoja, maji yale yale. Kilichowatenga ni kwamba hawa waliliona jua na wale hawakuliona. Mafundi wa Vienna walikuwa wanaume vichwa wazi, na mikono yao ikakakamaa.

Kwa hiyo dada, tunaposema jua hatusemi uvue hijabu. Tunasema nyumba. Waliojenga nyumba za zamani za visiwani kwetu waliacha ua katikati, ndani kwa ndani, mahali mwanamke anapoweza kukaa na kanga yake, akaosha mchele, akasuka, akamwogesha mtoto, jua likimpiga mikononi na miguuni na hakuna jicho la nje. Wengine walikuwa na paa la kupanda juu. Fleti za siku hizi zina kioo. Kioo kinapitisha mwanga na joto, lakini ile mionzi ya kutengeneza vitamini D kinaizuia, kwa hiyo kukaa nyuma ya dirisha lililofungwa hakusaidii kwa hili. Na lile jua la alfajiri tunaloambiwa ni dawa, kwa vitamini D halina nguvu: kivuli chako kikiwa kirefu kukupita wewe mwenyewe, kazi hiyo haifanyiki sana. Ngozi nyeusi nayo inahitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Wenzetu wa Ghuba wana jua kali kutushinda, na bado wanawake wengi huko wakipimwa hukutwa na upungufu, kwa sababu wanatoka kiyoyozi cha nyumba wanaingia kiyoyozi cha gari.

Mabibi harusi msishtuke. Wiki chache za kuwekwa ndani na siku 7 za fungate hazimmalizi mtu aliyekuwa mzima, mwili una akiba. Tunalolitazama ni miaka: binti aliyemaliza skuli akakaa chumbani, akaolewa fletini, akabeba mimba, akanyonyesha, akabeba nyengine. Somo wako akiuliza kwa nini unakaa uani mchana, mwambie umesoma hapa. Na samaki wa mafuta tunao, vibua na jodari na dagaa, nao wana vitamini D.

Tuje kwenye ubongo, kwa kuwa ndiyo matangazo yanayotuzunguka. Kwa muda mrefu habari ya neva iliishia kwenye kalsiamu. Mwaka 1982 Walter Stumpf na wenzake, huko Marekani, wakaonyesha kwamba vitamini D, ile iliyokwisha kugeuzwa na mwili kuwa tayari kwa kazi, inashika mahali maalumu ndani ya ubongo wa panya. Mwaka 2005 Darryl Eyles na wenzake wa Australia wakaonyesha vipokezi vyake katika ubongo wa binadamu. Maana yake ubongo nao unaisikia vitamini hii moja kwa moja, si kupitia kalsiamu peke yake. Mwaka 2006 ukatoka utafiti uliofanywa na Kassandra Munger na wenzake juu ya damu ya wanajeshi wa Marekani: miongoni mwa weupe, waliokuwa na vitamini D nyingi walipata kwa uchache zaidi maradhi yale ambayo kinga ya mwili inashambulia ngozi ya mishipa ya fahamu.

Kisha kuna Stockholm. Huko Sweden, wazazi wa Kisomali waliona watoto wao waliozaliwa kule wanapata usonji kwa wingi, hata wao kwa wao wakawa wanauita ugonjwa wa Kiswidi, kwa kuwa nyumbani hawakuujua. Wataalamu wakahesabu, na kweli katika Stockholm watoto wa wazazi wa Kisomali walikuwa na usonji mara kadhaa zaidi ya wengine. Mwaka 2010 Elisabeth Fernell na wenzake wakapima damu ya mama. Mama wa Kisomali walikuwa na vitamini D kidogo sana, chini ya mama wa Kiswidi kwa mbali. Lakini kati ya mama wenye watoto wa usonji na wasio nao, tofauti haikutosha kuthibitisha kitu. Tunaisema hii sehemu ya pili kwa makusudi, kwa sababu kwenye simu inasambazwa ile ya kwanza tu, na mama anabebeshwa lawama ambayo hata waliompima hawakumtwisha.

Na huzuni? Marekani walifanya jaribio kubwa, watu 18,353 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, nusu wakipewa vitamini D kila siku na nusu kidonge kitupu, kwa zaidi ya miaka 5. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: vidonge havikuwakinga na sonona. Huenda kwa mwenye upungufu mkubwa mambo ni mengine, lakini anayemuuzia mtu mzima chupa ya vidonge kwa ahadi ya kuondoa huzuni, jaribio hili halimsaidii. Zaidi ya hapo, vitamini hii ikizidi haitoki kwa mkojo kama C. Waingereza waliwahi kuiweka kwa wingi katika maziwa na vyakula vya watoto baada ya Vita vya Pili, na miaka ya 1950 wakakuta watoto wachanga ambao kalsiamu ya damu imepanda mpaka wanaugua, ikabidi wapunguze. Kwa dada zetu walioko Uingereza, wizara yao ya afya inawashauri wajawazito na wanaonyonyesha wapate mikrogramu 10 kwa siku, na wanaojifunika karibu mwili mzima wafikirie kutumia kiasi hicho mwaka mzima. Huku kwetu, pima kwanza. Na ukiona ganzi za midomo na vidole vinajikunja, ukiwa na mimba au unanyonyesha, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Degedege la mtoto halikadhalika: kwetu mara nyingi ni homa au malaria, na halingojei jua.

Hata Tanzania imo katika historia hii. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi waliandika juu ya Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha yao ya asili. Wastani wa vitamini D katika damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya ile 50 ambayo wataalamu wengi wanaihesabu kuwa inatosha.

Harriette Chick aliishi miaka 102. Mwaka 1976, akiwa na miaka 101, jarida moja la historia ya tiba lilichapisha kumbukumbu zake za Vienna, alizoziandika mwenyewe: hospitali, watoto, profesa aliyekuwa haamini, na wenzake aliofanya nao kazi. Alifariki mwaka uliofuata.